Nyumba ya babu Ngamiani, kuta zinavuta maji na nina milioni nne: nianzie wapi?

Dada mmoja wa Tanga ameniuliza hivi, nafupisha kidogo: "Nyumba ya babu yetu ipo Ngamiani, upande wa mbele ulijengwa miaka ya hamsini kwa mawe na chokaa, upande wa nyuma baba aliuongeza miaka ya themanini kwa tofali za simenti. Imekaa bila mtu kwa muda. Bati zinavuja, vyumba vya mbele kuta zinatoa chumvi na rangi inabanduka mpaka usawa wa kiuno, tumeshapiga plasta ya simenti mara mbili na bado inapukutika. Fundi ananiambia nibandike marumaru ukutani mpaka juu kidogo ya kiuno ndo itaisha. Nina milioni nne, na mimi na mdogo wangu wikiendi tupo, kazi tunaweza. Tuanzie wapi na kipi tufanye wenyewe?"

Dada yangu, marumaru usibandike. Nimeanza na hilo kabla ya salamu maana naogopa usije ukawa umeshatoa oda dukani. Shikamoo kwa wazee wote hapo nyumbani, sasa tuongee.

Huo ukuta wa mbele ni jiwe la matumbawe, jiwe lenye vitundu vitundu, na limejengwa kwa chokaa sio simenti. Jiwe la hivyo linakunywa maji kutoka chini ya ardhi, lilikuwa linakunywa tangu babu yuko hai, na wazee waliojenga walilijua hilo vizuri tu ndo maana walipaka chokaa juu yake, manake chokaa inaruhusu unyevu utoke. Maji yanapanda kidogo, upepo unayakausha, yanaisha, ukuta unabaki salama. Nyie mlivyopiga simenti mmeziba njia. Maji hayakuacha kupanda, yalichofanya ni kwenda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na yakipanda yanabeba chumvi ya ardhini na ya mchanga, ile chumvi inakauka nyuma ya plasta inakuwa fuwele, fuwele zinafura zinasukuma plasta kutoka ndani, na hapo ndo unaona inatoa unga mweupe inapukutika. Kwahiyo ile plasta ya pili haikuwa na kosa la fundi kukosea kuchanganya, ingepigwa na fundi bora kuliko wote Tanga ingepukutika vilevile. Marumaru ni kuziba zaidi ya simenti, ni kama kumvalisha koti la nailoni mtu aliyelowa. Mwaka wa kwanza utafurahi, afu unyevu utatokea juu ya marumaru, usawa wa kifua, na utaingia kwenye fremu za milango, na fremu zikishalowa mchwa hana haja ya kualikwa.

Sasa habari njema ni kwamba dawa ya huo ukuta ni rahisi kuliko marumaru, na sehemu kubwa ni kazi ya mikono ambayo wewe na mdogo wako mnaiweza. Habari isiyopendeza ni kwamba huo ukuta sio wa kuanza nao.

Kabla hujatoa hata shilingi, umesema "nyumba ya babu yetu". Yetu ni kina nani? Mirathi ilifunguliwa, msimamizi yupo, kuna karatasi inayosema nani ana haki gani? Nimeona watu wanaweka hela zao za akiba kwenye nyumba ya familia, bati mpya zinawaka juu, na siku hiyohiyo ndo ndugu anatokea anasema iuzwe tugawane. Kaeni kikao, andikeni kwamba fulani anatoa kiasi hiki kwa ukarabati na ikitokea kuuzwa anarudishiwa kwanza, wote waweke sahihi, mashahidi wawepo. Ni karatasi moja tu. Na pita ofisi ya mtaa na halmashauri ya jiji uwaulize kama kazi unayotaka kufanya inahitaji kibali, hasa ukigusa ukuta au paa zima, bora uulize mapema kuliko kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Haya, nyumba yenyewe.

Umeme kwanza, kwasababu huo hausubiri. Nyumba ilikaa bila mtu, paa linavuja, nyaya za zamani zile ngozi yake ikizeeka inakuwa ngumu inapasuka ukiikunja, na panya nao wanatafuna. Zima meni swichi kabla hujaanza kubandua kitu chochote ukutani, usitegemee swichi ya taa. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, apime, aangalie kama ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, ipo kweli au ni waya tu umechomekwa haujafika popote, aweke breka inayokata umeme unapovuja. Kazi ya kuunganisha mwachie yeye. Lakini kuchimba njia za mabomba ukutani, kufukia, kupaka, hizo fanyeni wenyewe na mwambie mapema ili akupunguzie bei. Kwa kawaida taa zinapita kwenye waya wa milimita 1.5 na soketi kwenye 2.5, ukiona anataka kutumia 1.5 nyumba nzima ili "tubane bajeti" mkatalie hapohapo. Na kwenye ukuta wa mawe msichimbe mfereji wa kulala mrefu, chimba wa kusimama, ule wa kulala unakata ukuta.

Bati. Hapa ndo nusu ya hela yako itakwenda na usione uchungu, kwasababu kila kitu utakachofanya chini kitaharibika kama juu hapajatulia. Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga madirisha, angalia juu, kila kitone cha mwanga weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu. Afu siku ya mvua rudi uone maji yanaingilia wapi hasa, maana maji yanaingia sehemu moja yanatembea juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yanadondoka sehemu nyingine kabisa, ukiziba pale yanapodondokea umeziba bure. Mara nyingi utakuta bati zenyewe bado nzima na tatizo ni misumari, imelegea, vile vimpira vyake vimekufa, au ilipigwa bondeni badala ya mgongoni. Msumari wa bati unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, maji yanapita bondeni. Bati ambayo imeliwa na kutu ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia, hiyo toa, hakuna rangi wala lami itakayoiokoa.

Ukinunua mpya kumbuka namba ya geji ikiwa kubwa bati ndo jembamba, geji 32 ni jembamba kuliko 30 na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwa Tanga na huo upepo wa chumvi wa baharini nakushauri 28, hata kama utabadilisha nusu ya paa mwaka huu na nusu mwakani, bora hivyo kuliko paa zima la bati jembamba ambalo baada ya miaka michache unarudi dukani. Kwenye kuunganisha bati kwa urefu zipandane angalau sentimita 15, na kama paa limelala sana ongeza zifike 20 au zaidi, pembeni zipandane wimbi moja na nusu. Kofia ya juu kabisa, ile inayofunika pale pande mbili za paa zinapokutana, msifanye wenyewe, lipeni fundi. Mkipanda kanyageni kwenye mistari ya misumari tu maana chini yake ndo kuna mbao, msipande bati likiwa na maji wala umande, na asipande mtu peke yake hata kama ni kazi ya dakika tano.

Mkiwa juu chukua bisibisi uchome kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, na kila papi, hasa zinapokaa juu ya ukuta. Mbao nzima inagoma, iliyoliwa bisibisi inazama. Njia za udongo za mchwa zikiwepo zifuate mpaka chini uone zinatokea wapi, dawa inawekwa kule zinakotoka ardhini, kupulizia juu tu ni kupoteza hela. Na ile tabia ya kupaka mbao oili chafu ya gari, ndani ya nyumba ya kulala usipake, inanuka na inashika moto. Kama upande wa mbele kuna boriti za mikoko usizitoe kwa kuona ni za kizamani. Zile ni ngumu ajabu, na mikoko sasa hivi ni msitu wa hifadhi, huwezi kwenda kukata nyingine bila kibali.

Sasa maji ya chini, hapa soma taratibu maana ndo penyewe.

Tuseme paa lako kwa chini lina mita 10 kwa 12, hiyo ni mita za mraba 120. Kila milimita moja ya mvua inakupa lita 120. Mvua ya masika ya siku moja ikifika milimita 50, na Tanga inafika, hizo ni lita 6,000 zinashuka kutoka kwenye paa, nusu upande huu nusu ule, na kama huna gata zote zinapiga mguu wa ukuta, jiwe la matumbawe liko palepale linakunywa. Halafu tunalalamika ukuta una unyevu! Gata zifungwe, hata za bati za kukunja kwa fundi wa mtaani, zielekee kwenye tangi au kwenye mfereji wa mbali na nyumba. Hii kazi mnaiweza, inataka kamba na pima maji tu ili iwe na mteremko.

La pili, angalia usawa wa ardhi nje ukilinganisha na sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani, na za Magomeni kule Dar hivyohivyo, barabara imepandishwa, watu wamemwaga kifusi, takataka zimekuwa udongo, mpaka nje pamekuwa juu kuliko ndani. Nadhani na yako ni hivyo, kwa maelezo yako ya unyevu kufika kiunoni. Ukuta uliozikwa hivyo hauwezi kukauka hata upake nini. Toeni huo udongo mpaka nje pawe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15, na paweke mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 5 kwa kila mita 2 inatosha. Lakini tafadhali sana, nyumba za mawe za zamani nyingi msingi wake ni mfupi. Chimbeni kipande cha mita moja, angalieni, rudishieni vizuri, ndo mhamie kingine. Msifungue mfereji ukuta mzima kwa mpigo na mkifika usawa ambao jiwe linaisha msiende chini zaidi hata inchi moja. Mvua ikitishia, simameni.

Pale ukuta unapogusana na ardhi msimwage zege. Watu wanapenda kuzungushia nyumba zege likabana ukuta, linapendeza, lakini unyevu uliokuwa unatokea ardhini pembeni sasa njia yake pekee inabaki ni ukuta wako. Wekeni ukanda wa kokoto kama sentimita 30 kwa upana, ndo baada ya hapo mtaro au zege kama mnalitaka.

Na kabla hujalaumu ardhi peke yake, funga bomba zote, soma mita ya maji, kaa masaa mawili bila mtu kutumia, soma tena. Ikiwa imesogea kuna bomba linavuja mahali, na mara nyingi ni lile linalopita kwenda bafuni uani.

Hayo mawili, juu na chini, yamalizeni kabla ya masika. Ndo maana nasema usianze na ukuta.

Ukuta sasa. Chukua mpini wa bisibisi ugonge plasta yote polepole usikilize. Inayolia kama tupu imeshaachia, toa. Ile ya kuanzia chini mpaka kama mita moja na nusu, yaani zaidi kidogo ya mwisho wa unyevu, toa yote ndani na nje. Plasta ya simenti ya juu ambayo ni kavu na imeshika sana iache, ukiilazimisha utaondoka na jiwe. Tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, sio lile nyundo kubwa la kuvunjia, mawe ya matumbawe yamekaa pale kwa chokaa ambayo imelowa miaka, ukigonga kwa hasira yanalegea. Fanyeni ukuta mmoja mmoja. Chumvi iliyobaki isugueni kwa brashi kavu, zoa uitupe mbali, msioshe kwa maji, ukiosha inayeyuka inarudi ndani na baada ya wiki unaiona tena.

Mkikuta ufa, hasa ule unaopanda kwa ngazi au unaoanzia pembe ya dirisha, chora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Usiuzibe kwanza. Ukipita msimu wa mvua bila kusogea, huo ni wa zamani, utaziba. Ukisogea, au upana wake ukizidi milimita 5, mwite injinia aje aone kabla hamjaendelea na lolote. Majengo ya mawe ya pwani yetu ni imara lakini sio ya kuchezea. Beit al Ajaib la Zanzibar, jengo la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati unaendelea na watu walipoteza maisha. Sisemi nyumba yako iko hivyo, ila usimruhusu mtu yeyote atoe ukuta wa mawe "ili sebule iwe kubwa", hata kama ni ukuta mfupi, bila mtu aliyesomea kuangalia.

Baada ya kubandua, acheni ukuta uchi, madirisha wazi, upepo wa kaskazi upite. Kuanzia Desemba mpaka karibu na Machi ndo dirisha lenu la kukausha. Kuta nene zinakauka taratibu mno, kipimo ambacho wajenzi wanatumia ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwahiyo ukuta wa inchi 18 hutausubiri ukauke wote na wala haina haja, uzuri wa chokaa ni kwamba inaweza kupakwa ukuta ukiwa bado na unyevu kidogo na ikaendelea kuutoa. Simenti na rangi ya mafuta ndo haziwezi.

Chokaa Tanga haikosekani, mji wenyewe na mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa hayohayo. Nunua ile ya mfuko iliyokwisha kuzimwa. Iliyotoka tanuri bila kuzimwa usihangaike nayo, ikikutana na maji inachemka na inaunguza, waachie waliozoea. Chukua pipa la plastiki, tia maji kwanza ndo utie chokaa kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, funika, juu pabaki na maji kidogo. Iache wiki moja, ikikaa zaidi ndo inakuwa laini na tamu kufanyia kazi, haiharibiki maadamu ina maji juu. Vaa miwani ya kazi na glovu muda wote, mdogo wako naye. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza kweli, sio kuwasha tu, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu afu nenda hospitali bila kusubiri kesho.

Mchanga uwe wa mto. Wa baharini usichukue hata ukipewa bure, una chumvi, utakuwa umejirudishia ugonjwa. Kuupima weka punje ulimini, mafundi wa zamani ndo walikuwa wanafanya hivyo, chumvi utaisikia. Afu tia mchanga kwenye chupa safi, ongeza maji, tikisa, acha utulie, tope likikaa juu kama tabaka nene rudisha huo mchanga au uuoshe.

Mchanganyo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Zanzibar walikuwa wanatia na udongo mwekundu. Mkitaka ishike vizuri sehemu za chini zenye unyevu ongezeni robo ndoo ya unga wa tofali za kuchoma, zile zilizovunjika, mnazitwanga mnachekecha. Simenti msitie hata "kidogo tu ya kusaidia", najua fundi atakushawishi. Ukiukoroga mchanganyo vizuri hautahitaji maji mengi, upigeni muda mrefu mpaka unate kwenye mwiko. Mashimo makubwa jaza kwanza kwa vipande vya mawe na mchanganyo huohuo, sio kujaza kwa plasta tupu maana ikiwa nene itapasuka. Lowesha ukuta kwa brashi, rushia tabaka la kwanza la kama sentimita moja, likwaruze kwa msumari lishike la pili, subiri siku kadhaa mpaka ukibonyeza kwa kucha lisiingie, ndo upige la pili. Hapa watu wa simenti wanakosa subira. Chokaa haikauki tu, inashika kwa kuvuta hewa, inarudi taratibu kuwa jiwe, na ikikauka haraka inabaki unga. Ning'inizeni magunia mabichi mbele yake, jua lisiipige moja kwa moja, nyunyizeni maji asubuhi na jioni kwa siku za mwanzo. Anzieni chumba cha nyuma kabisa ambacho mgeni haingii, ukuta mmoja mdogo, mkono ukishazoea ndo mje sebuleni.

Kumalizia, pakeni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, tabaka nne au tano, moja kwa siku, ukuta ukiwa na ubichi kidogo. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, usiongeze unene, ikikauka ndo inang'aa. Watu wengi wanatia chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili ishike, kwa ukuta wenu huu marufuku. Rangi ya oksaidi kidogo ukipenda iwe ya njano au ya udongo inapendeza sana. Mimi binafsi chumba cha chokaa nakipenda kuliko chochote, kina ubaridi wake na mwanga wake, na sioni haya kusema kwamba tumeacha kitu kizuri kwa kuona ni cha kimaskini.

Upande wa nyuma wa tofali za simenti ni hadithi nyingine, hayo mambo ya chokaa usiyahamishie kule. Kule piga plasta ya simenti ya kawaida na rangi ya maji. Cha kuangalia kule ni lenta juu ya milango na madirisha. Miaka ile mchanga wa pwani ulitumika sana, na upepo wa bahari nao upo, kwahiyo nondo zinaota kutu zinafura zinapasua zege, utaona ufa wa kulala unaofuata nondo au zege linadondoka vipande. Kama ni kidogo, gonga lililolegea, sugua nondo kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, paka dawa ya kutu, ziba. Kama nondo imeliwa imekonda, hapo weka nguzo za kushikilia na muite injinia, msijifanyie.

Milango ya babu. Kama ni mvule au mninga, na kwa nyumba ya umri huo inawezekana kabisa, atakayekwambia uitupe uweke ya kisasa mwangalie vizuri, huenda ana mteja wake. Fremu iliyooza chini inaungwa kipande kipya, seremala mzuri anaifanya kwa siku moja. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, kwahiyo msisugue msasa mkavu wala kuunguza kwa moto, lowesha ukwangue, vaa barakoa, watoto wasiwepo, maganda yazoleni yote. Na kama kuna bati za asbesto popote, labda kwenye banda la uani, zile za kijivu nene zinazofanana na simenti, msikate, msivunje, msipige brashi. Ulizeni halmashauri namna ya kuzitoa.

Sakafu iache. Kama ni ile saruji nyekundu ya zamani, osha, ziba nyufa, paka nta, inang'aa vizuri. Marumaru za chini zisubiri mpaka kuta zipite masika moja zikiwa kavu, maana ukifunika sakafu yote unyevu wa chini unasukumwa kwenda ukutani.

Hela sasa. Milioni nne haitamaliza hiyo nyumba na mtu akikwambia itamaliza anataka kazi tu. Ningekuwa wewe karibu nusu ingekwenda juu, bati, mbao na gata. Laki sita mpaka saba ningezifungia zisiguswe, hizo ni za kile ambacho hukukiona, na kwenye nyumba ya zamani kipo. Umeme wa kukuweka salama uchukue sehemu yake, chokaa na mchanga na vifaa vya mkono haviwezi kula nyingi kwasababu nguvu ni zenu. Jipsam, taa za kuzamisha, marumaru, geti, vyote hivyo havipo kwenye milioni nne hii. Vifaa nunua mwiko mzuri, tindo, brashi ya waya, pima maji, karai, pipa. Ngazi na jukwaa kodisha. Simenti ya upande wa nyuma usinunue mingi ikakaa, inavuta unyevu inaganda, chokaa iliyo kwenye pipa na maji juu ndo inaweza kukusubiri.

Fundi mlipe kwa kazi iliyokwisha, sio kwa siku, na vifaa nunua mwenyewe. Na huyo wa marumaru usigombane naye, anakwambia alichofundishwa, mwoneshe kipande kimoja cha ukuta mkishakipaka chokaa kikapita mvua.

Mkianza kutoa udongo nje, nitumie picha ya mguu wa ukuta ukiwa na rula pembeni, na unipe usawa wa sakafu ya ndani. Nikiona msingi umekaaje ndo nitakwambia mchimbe mpaka wapi, kabla ya hapo sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani zinatosha na msizidishe.